Majani Yaliyooza Bwawani: Yapime, Yatakulishia Samaki

Una bwawa la samaki, na kando yake kuna rundo la majani ambayo hujui uyafanyie nini. Gugu maji limesogezwa na upepo, matete yamelala baada ya mvua, na mengine yanaoza taratibu chini ya maji bila mtu kuyaona. Usiyaite takataka. Hicho ni chakula. Kazi yako ni kukigawa kwa kipimo.

Mmea wa majini ukifa, vile virutubisho ulivyovivuna vinarudi majini: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, pamoja na kaboni ya majani yenyewe. Uduvi wa Ziwa Victoria huishi kwa mabaki hayo, na sangara wadogo huishi kwa uduvi. Sato naye huyala mabaki moja kwa moja, pamoja na vijimea vya kijani vinavyostawi kwa mbolea yake. Bwawa lako linafanya kazi hiyohiyo kwa udogo, ukiliachia nafasi.

Lakini majani hayohayo yakiingia mengi kwa mkupuo, utaamka ukute samaki wanaelea. Kwa hiyo anza na hesabu, halafu shika mundu.

Hesabu ya pumzi

Chukua bwawa la mita 10 kwa 20, kina cha mita 1. Hilo lina mita za ujazo 200 za maji. Maji yakiwa na hali nzuri, kila lita ina miligramu kama 6 za oksijeni. Zidisha: bwawa zima lina kilo 1.2 tu za oksijeni kwa wakati mmoja. Ndiyo akiba ya samaki wako wote.

Sasa geukia majani. Kilo moja ya majani makavu ikioza hadi mwisho hutumia takriban kilo moja ya oksijeni. Gugu maji bichi ni maji kwa asilimia 90 hadi 95. Kiroba kimoja kilichoshindiliwa, tuseme kilo 24, kina kama kilo 1.2 za kitu kikavu. Umeona? Kiroba kimoja kinatosha kumaliza akiba yote.

Usiogope. Majani hayaozi kwa siku moja. Vijimea vya kijani hutengeneza oksijeni mpya mchana kutwa, na upepo huongeza nyingine. Ila hesabu hii ishike kichwani, maana ndiyo itakayokuzuia kumwaga mkokoteni mzima wa majani mabichi jioni moja kwa sababu tu umepata kijana wa kukusaidia kubeba.

Kwa bwawa la ukubwa huo, anza na kiroba kimoja kwa wiki. Bwawa likiwa nusu ya hapo, nusu kiroba. Baada ya wiki tatu, maji yenyewe yatakuambia kama uongeze au upunguze. Namna ya kuyasoma inakuja mbele.

Chagua majani

Majani laini huoza upesi. Humo mna azola, majani ya gugu maji na ile mimea inayoota ikiwa imezama kabisa. Wiki chache tu, sehemu kubwa imekwisha. Azola ina faida ya ziada: ndani ya majani yake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo ikioza inarutubisha zaidi.

Matete na mafunjo ni jambo jingine. Yamejaa nyuzi ngumu na lignini, ndiyo maana watu huezekea na kufumia mikeka. Majini yanachukua miezi mingi. Ukitia hayo peke yake utajaza bwawa makapi bila kuona ukijani wowote.

Changanya. Viganja vitatu vya majani laini kwa kiganja kimoja cha matete yaliyokatwakatwa. Laini yanatoa mbolea ya haraka, magumu yanawapa konokono na minyoo mahali pa kushika na chakula cha baadaye.

Kuna majani ambayo hayaruhusiwi kabisa. Utupa, usiuguse: wazee waliutumia kulewesha samaki mtoni, na bwawani utafanya kazi ileile. Mnyaa vilevile, utomvu wake ni sumu kwa samaki. Majani ya mkaratusi nayo yaache nje, yana mafuta yasiyofaa. Kama hujui jina la mmea na hujui umetoka wapi, usiutie.

Usichukue gugu maji lililoota kwenye mifereji ya viwanda au chini ya bomba la majitaka ya mji. Mmea huu hunyonya metali nzito kama risasi na kadimi na kuzihifadhi, hasa kwenye mizizi. Ukiuozesha bwawani, umezihamishia kwenye samaki wa mezani kwako.

Vuna kabla ya maua

Gugu maji likishatoa yale maua ya zambarau, mbegu zinafuata. Mbegu hizo zinaweza kukaa topeni zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Kwa hiyo vuna machanga, kabla hayajachanua. Yaliyokwisha kuchanua yapeleke kwenye biwi la mboji la nchi kavu, lile linalopata moto kiasi kwamba ukiingiza mkono katikati unautoa haraka. Joto hilo ndilo linaloua mbegu.

Kama bwawa lako halijawahi kuwa na gugu maji, nenda kwa tahadhari zaidi. Usibebe mmea mzima kutoka ziwani hadi shambani. Kata majani na vikonyo palepale ufukweni, acha shina la katikati pale majani na mizizi vinapokutana. Hilo ndilo linalochipua upya. Kipande kimoja chenye uhai kinatosha kukuanzishia shida, maana katika maji yenye joto na rutuba gugu maji huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au hata chini ya hapo.

Vaa buti za mpira ndefu na glovu. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda kujishikiza kwenye mimea ya majini, na Ziwa Victoria lina kichocho kingi. Tumia reki yenye mpini mrefu ili uvute ukiwa nchi kavu. Mahali penye mamba au viboko usiingie, hata kama majani ni mengi na ya bure.

Nyausha, kisha katakata

Tandaza majani juani siku mbili au tatu, juu ya kichanja cha fito ili maji yachuruzike. Hapo unapata faida tatu kwa mpigo. Mzigo unapungua sana. Mmea unakufa kweli. Na konokono wengi waliojificha wanakauka pamoja nao.

Kumbuka kipimo chako: kiroba kimoja kwa wiki ni cha majani mabichi. Yakishanyauka, kiroba kilekile kinabeba kitu kikavu kingi zaidi. Kwa hiyo pima yangali mabichi, halafu ndiyo uyaanike.

Kata vipande vya urefu wa kidole. Panga linatosha, mashine ya kukatia malisho ya ng'ombe ni bora zaidi kama jirani anayo. Vipande vidogo vinawapa bakteria na kuvu eneo kubwa la kushambulia, nao ndio wafanyakazi wako wakuu.

Hapa nikueleze kidogo, maana ukijua hili hutakosea kipimo. Siku za kwanza majini, jani linavuja: sukari na potasiamu zinatoka haraka, na oksijeni inaliwa kwa kasi. Kisha utaona utelezi juu ya vipande. Huo ni utando wa bakteria na kuvu. Wao ndio wanaolifanya jani liwe chakula cha maana, kwa sababu jani bovu peke yake lina protini kidogo. Protini nyingi iko kwenye utando. Baadaye wanakuja konokono, minyoo, na wale viluwiluwi wekundu wa topeni, wanatafuna na kusaga. Kinachobaki ni vumbi laini ambalo sato hulinyonya kwa furaha, na makapi magumu yanayozama.

Siku za hatari, basi, ni zile za mwanzo. Weka majani mapya asubuhi, siku yenye jua. Kamwe usiweke jioni. Usiku hakuna mwanga wa kutengeneza oksijeni, na kila kilicho hai bwawani kinaendelea kupumua.

Jenga uzio wa mboji ndani ya bwawa

Usitawanye majani ovyo. Yatasambaa, yatazama, na ikitokea dharura hutaweza kuyatoa. Yafungie mahali pamoja.

Chagua kona yenye kina kifupi, ambako unafika kwa mkono au reki ukiwa juu ya tuta. Chomeka fito au mianzi kukatiza kona hiyo, ukiacha nafasi ya upana wa vidole viwili kati ya fito na fito. Maji yapite, majani yasitoke. Fito zifike juu ya usawa wa maji kwa kiasi cha kiwiko ili upepo usiyatoe majani nje.

Ukubwa? Kwa bwawa letu la mita za mraba 200, uzio wa mita 2 kwa 3 unatosha kuanzia. Ukija kuzoea, unaweza kuongeza mwingine kona ya pili. Jumla ya nyuzio zote isipite sehemu moja ya kumi ya eneo la bwawa. Zaidi ya hapo unawanyang'anya samaki nafasi na hewa.

Jaza kwa tabaka. Majani yaliyokatwa, kisha samadi kidogo ya ng'ombe, mbuzi au kuku, kisha majivu mkono mmoja au miwili. Rudia. Samadi inaleta naitrojeni inayoyaharakisha majani magumu. Ya kuku ni kali, tia kidogo kuliko ya ng'ombe.

Ukitia samadi, punguza majani. Kila kinachooza kinakula kutoka kwenye akiba ileile ya oksijeni: samadi, majani, hata pumba ambazo samaki hawakumaliza. Watu wengi hupima mbolea kwa uangalifu, halafu wanamwaga pumba bila kipimo. Zote zihesabu pamoja.

Kila wiki, shika mti ukoroge ndani ya uzio. Sukuma chini, geuza, tikisa. Ndivyo rutuba inavyotoka kwenda bwawani badala ya kukaa kona moja. Fanya hivyo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda.

Na funga mlango wa maji. Maji yakipita bwawani mfululizo, ukijani wote unaoutengeneza unaondoka na mfereji kwenda kwa jirani. Fungulia tu kufidia yaliyokauka na yaliyopenya ardhini.

Soma maji kwa mkono

Huna haja ya kifaa. Simama ukingoni, nyoosha mkono, uzamishe wima huku kiganja kimekunjwa kutazama juu. Angalia kiganja.

Kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kama kwenye kiwiko, kina cha sentimita 30 hivi, uko pazuri. Endelea na kipimo chako.

Kiganja kikionekana hata maji yakipita kiwiko, bwawa lina njaa. Ongeza robo kiroba kwa wiki. Subiri wiki mbili, pima tena.

Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika katikati ya kiganja na kiwiko, umezidisha. Acha kutia majani, acha samadi, punguza pumba, mpaka maji yapungue ukijani.

Pima siku maji yametulia, na uangalie rangi. Kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Kama yamechafuka kwa udongo, mkono utapotea mapema bila kuwa na chakula chochote ndani. Yakiwa ya kahawia lakini unaona chini vizuri, hiyo ni rangi inayovuja kutoka kwenye majani magumu na magome. Punguza matete na mafunjo, ongeza majani laini.

Nusa pia. Bwawa zuri lina harufu ya ukijani na udongo. Ukikoroga uzio ukasikia harufu ya mayai viza, chini hakuna oksijeni na gesi ya salfa inatoka. Hiyo ni sumu kwa samaki. Usiendelee kukoroga, toa nusu ya rundo kwa reki, uliache nje.

Amka alfajiri mara moja kwa wiki

Oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Ukilitazama bwawa saa sita mchana tu, hutaijua hali yake. Nenda mapema, simama kimya, tazama uso wa maji.

Sato na perege wakiwa juu wanatweta kwa midomo wazi, ni dharura. Wakishtuka na kuzama unapokaribia kisha hawarudi, bado una muda. Wakirudi juu papo hapo, huna muda.

Usimtumie kambale kama kipimo. Ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, naye hupanda juu hata maji yakiwa salama. Atabaki hai kwenye maji ambayo yameshaua sato wote. Mtazame sato.

Dharura ikitokea, fanya hivi bila kusubiri. Fungulia maji mapya. Kama bomba lako la kutolea linaweza kuvuta kutoka chini, toa maji ya chini, maana ndiyo mabaya zaidi. Vuta majani ya uzio nje yote. Kama una pampu, ivute maji na kuyarusha juu yaanguke tena bwawani. Kama huna, ndoo na watu wawili wenye nguvu wanaweza kuyarusha. Usilishe siku hiyo wala kesho yake.

Siku za mawingu mfululizo, kata kipimo nusu hata kama maji yanaonekana mazuri. Jua hafifu ni oksijeni hafifu. Masika ikianza, simamisha kabisa majani kwa wiki ya kwanza. Mvua kubwa ya kwanza huleta majani na samadi kutoka mashambani bila kukuomba ruhusa, na mvua ya baridi huweza kupindua maji: yale ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda juu kwa saa chache. Chimba mfereji mdogo wa kukinga upande wa juu wa bwawa ili maji ya shambani yapite pembeni.

Jaribio la mfuko wa vitunguu

Hili nalipenda sana, kwa sababu linakupa jibu la bwawa lako mwenyewe. Wanasayansi wa maziwa na mito hutumia njia hiyohiyo.

Chukua mifuko minne midogo ya wavu, ile ya vitunguu. Kila mmoja utie nusu kilo ya majani unayotumia, yaliyonyauka na kukatwa. Funga, weka jiwe, funga kamba ndefu, uzamishe karibu na uzio. Kabla hujaweka jiwe na kuzamisha, loweka mifuko yote saa moja, ichuruzishe dakika tano, uipime. Andika.

Kila wiki toa mfuko mmoja. Uchuruzishe dakika tano zilezile, ondoa jiwe, pima. Andika uzito na uangalie wadudu waliomo. Ukiona konokono wadogo na viluwiluwi wekundu, kazi inakwenda. Baada ya kutoa mfuko, usiurudishe.

Wiki uliyokuta uzito umebaki nusu, hiyo ndiyo kasi ya bwawa lako. Kama ni wiki mbili, kiroba kwa wiki kinabebeka. Kama wiki ya nne bado zimebaki robo tatu, majani yako ni magumu mno au maji yana tindikali nyingi. Badilisha mchanganyiko kwanza. Ukiona hakuna tofauti, mwombe afisa uvuvi wa kata akupimie tindikali ya maji na udongo, akuambie kiasi cha chokaa ya kilimo.

Rudia jaribio wakati wa kipupwe. Maji yakipoa, kuoza kunapungua kasi. Kipimo cha Januari si lazima kifae Julai.

Kama majani yamejaa kwenye lambo au ufukwe wenu

Hapa kosa kubwa ni kutaka kumaliza kazi kwa siku moja. Ukinyunyizia dawa ya kuua magugu lambo zima, mimea yote inakufa pamoja, inazama pamoja, inaoza pamoja. Samaki wanafuata. Gawanya eneo sehemu tatu au nne. Ondoa au tibu sehemu moja, subiri wiki mbili, ingia ya pili. Na mmea uliokufa kwa dawa usiupeleke bwawani kwako.

Kuvuta kwa mikono ni bora kuliko dawa, kwa sababu rutuba inatoka majini. Hilo ndilo linalosaidia kweli ziwa lililoshiba mbolea kupita kiasi. Mkizamisha magugu, mnayarudishia maji chakula kitakachootesha magugu mengine mwaka ujao. Vuteni, muyapandishe mbali na ukingo, mita kadhaa juu, ili mvua isiyarudishe.

Ziwa Victoria lilitufundisha hili kwa ukubwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugu maji lilifunika maelfu ya hekta, likafunga bandari na mialo. Vifukusi vya jenasi Neochetina, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe, vilianza kuachiliwa upande wa Uganda mwaka 1995, na Kenya na Tanzania zikafuata. Mikeka mikubwa ilidhoofika, ikavunjwa na mawimbi, ikazama. Juu ya maji pakawa peupe. Lakini rutuba ilibaki chini, na gugu limerudi mara kwa mara, hasa kwenye ghuba zilizofungika kama ile ya Winam, Kisumu. Vifukusi vinasaidia, kuvuta mabaki nje bado ni kazi ya watu.

Msisafishe ukingo wote ukabaki mtupu. Acheni ukanda wa mafunjo na matete. Mizizi yake inachuja tope na mbolea kutoka mashambani, na mabaki yake magumu yanatoa chakula kidogokidogo mwaka mzima. Ndani ya mafunjo oksijeni ni kidogo, sangara hawezi kukaa humo, kwa hiyo samaki wadogo hujificha pamoja na kamongo na kambale. Mkiufyeka ukanda huo, mmefyeka mazalia.

Kama watu wanakunywa maji ya lambo hilo, ongezeni hatua moja. Mabaki ya mimea yakiwa mengi, yanakula klorini kabla haijaua vijidudu. Acha maji yatulie kwenye ndoo, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie klorini kwa kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwenye chupa. Kuchemsha kunafaa pia, ukiwa na kuni.

Siku ya kuvua, lichukue tope

Ukishavua na kukausha bwawa, usikimbilie kujaza maji. Acha sakafu ikauke hadi ipasuke nyufa. Hewa ikiingia kwenye nyufa, mabaki yaliyokwama bila oksijeni yanamalizika kuoza, na mayai ya wadudu wasumbufu yanakufa.

Chomeka kijiti kupima tope jeusi. Likiwa chini ya sentimita 10, liache. Ni akiba ya msimu ujao. Likizidi sentimita 15, punguza. Libebe kwa toroli hadi kwenye migomba au bustani ya mboga, ulitandaze, ulichanganye na udongo. Hakuna mbolea nzuri zaidi kwa bei hiyo.

Ondoa pia makapi yote yaliyobaki ndani ya uzio na ubadilishe fito zilizooza. Tia chokaa kama ulishauriwa, subiri wiki moja au mbili, ndipo ujaze maji. Weka nusu kiroba cha majani kwenye uzio siku hiyohiyo, ukoroge kila baada ya siku tatu. Maji yakifikia kipimo cha kiwiko, tia vifaranga, na urudi kwenye kiroba kimoja kwa wiki.